Mkato Unaovuta Kushoto

Kituo cha mazoezi ya viungo, chumba namba 9
2 Februari

Mdogo wangu Bobini,

Watu huanza barua kwa kusema ni wazima wa afya. Mimi ni mzima nusu, nusu ya kushoto, na nusu hiyo ndiyo inayokuandikia. Usicheke mwandiko. Dada wa mazoezi, huyu binti mwembamba anayetusimamia hapa, ameniamuru nijaze ukurasa mmoja kila siku kwa mkono wa kushoto ili kichwa kisilale. Nikaona badala ya kuandika a-e-i-o-u kama mtoto wa chekechea, heri nikuandikie wewe. Simu sitaki. Tangu kiharusi ulimi ni mzito, nikiomba maji inatoka kama nimemeza soksi, na sitaki Kifungo amsikie baba yake hivyo.

Sasa nikueleze hiyo mashine iliyonileta huku. Ni mkono wa chuma uliofungwa kwenye meza. Una mkanda wa kushika kiwiko na kibao cha plastiki cha kulaza kiganja, na mbele yako kuna kioo kama cha televisheni chenye nukta nyekundu. Unaambiwa uifuate nukta. Mkono wako ukishindwa, mashine inausukuma taratibu, bila kelele. Wenyewe wanaiita roboti. Mwenzangu wa kitanda cha pili, mzee mmoja aliyeendesha malori maisha yake yote, ameipa jina Mkwe, kwa sababu inakushika kwa heshima, hairopoki, na huwezi kubishana nayo. Iliponishika leo nilimkumbuka Kifungo akiwa na miaka saba, nilivyokuwa nikimshika mkono juu ya mkasi tukakata magazeti ya zamani mchana kutwa.

Wamenipa majuma kumi. Yakiisha, harusi ya Kifungo itakuwa imebaki siku sita, na siku sita kwangu ni nyingi. Kwa hiyo ile hariri nyeupe iliyo sandukuni asiiguse mtu. Mita sita nilizinunua mwaka ule mama yake alipofariki, haipatikani tena, na ukiikosea umeikosea. Nilimwahidi mtoto nitamkatia gauni kwa mkono huu na nitamkatia. Mkasi wangu upake mafuta uutundike mahali pake. Usijaribu kuutumia, unajua tabia yake ya kung'ata wageni.

Kaka yako,
Mkasi


11 Februari

Kaka,

Barua imefika. Karani wa posta aliniuliza kama anwani umeiandikia ndani ya basi, nikamwambia heshimu watu.

Duka lipo. Nafanya yale ninayoweza: zipu, mapindo, kupunguza viuno vya waliokonda na kutanua vya wasiotaka kukubali. Yule mwenye suti ya kijivu, uliyempima asubuhi ile ile ulipoanguka, anakuja kila Ijumaa. Namwambia mkataji yuko safarini. Juzi akauliza safari gani isiyo na mwisho, nikamwambia ya mkono. Meza yako ya kukatia sijaweka kitu juu yake, hata kikombe. Wewe ni wa kukata, mimi ni wa kushona, na miaka kumi na tisa hatujavukiana mpaka.

Mchumba wa Kifungo alikuja Jumapili kunifungia rafu. Mpima ardhi ni mpima ardhi tu, kaka. Rafu ya nyuzi ameipimia pimamaji mara nne. Lakini ana adabu, na anamwangalia mwanao kama mtu anayeogopa atapokonywa.

Nilimwambia Kifungo, kwa tahadhari tu, kwamba yupo mkataji hodari karibu na benki. Aliniangalia kama nimemtukana. "Shangazi, gauni langu linakatwa na baba au sivai." Ukaidi huo sijui kautoa wapi, au tuseme najua.

Jitahidi basi.

Bobini


20 Februari

Bobini,

Kaa chini kwanza. Sasa ikunjue hiyo karatasi niliyoitia ndani.

Umeuona huo mstari? Umechorwa na mkono wangu wa kulia. Leo dada wa mazoezi aliniambia nifumbe macho nilisikilize bega, nikafumba, nikasikia mkono unakwenda. Ulikwenda, mdogo wangu. Kutoka kifuani mpaka ukingoni mwa meza, polepole, bila kutetemeka, kama siku zile unapoanza mguu wa suruali na kitambaa kinakutii. Nilipofumbua macho mashine ikatoa karatasi hiyo. Sentimita thelathini, umenyooka mwanzo mpaka mwisho, na pembeni wamenipigia hadi vipimo. Nililia mbele ya watu. Dereva, yule mzee wa malori, alinipa taulo lake, na nakwambia lile taulo linahitaji maombi.

Mwonyeshe Kifungo. Mwambie baba anakuja na mkono wake.

Mkasi


1 Machi

Kaka,

Karatasi nimeiangalia mbele na nyuma. Kifungo ameibusu kisha ameibandika ukutani juu ya meza yako, na kila mteja anayeingia lazima aonyeshwe kabla hajasema shida yake. Mwenye suti ya kijivu amesema atasubiri hata mwaka. Mwanao ameanza kuimba akipiga pasi, jambo ambalo hatukulisikia tangu ulipoanguka, na kwa sauti ile labda ni heri tusingelisikia.

Nikuulize kitu cha kifundi tu. Mstari ulipokaribia mwisho, mkono haukuvuta popote? Kushoto, kwa mfano? Usinijali, ni maswali ya mtu anayeshinda na cherehani peke yake.

Kifungo anasema hata ukichelewa wiki mbili tatu atakungoja. Nimemwambia subira huvuta heri.

Bobini


14 Machi

Bobini,

Mkono unaendelea vizuri. Juzi nilishika kikombe cha maji, nikakiinua mpaka mdomoni, nikakirudisha mezani bila kumwaga tone. Dereva alinipigia makofi. Nakutumia karatasi ya pili. Hilo ni tao kama la tundu la mkono wa gauni, ona lilivyo laini.

Kuhusu kuvuta, hapana, haukuvuta popote. Labda kiharusi kimeufundisha adabu.

Ila wanasema majuma kumi hayatoshi. Wananiongezea kumi mengine, mpaka tarehe ishirini ya mwezi wa sita. Harusi isisogezwe kwa ajili yangu. Au kama ni lazima kusogeza, basi isogezwe kidogo. Gauni nitalikata, mwambie Kifungo hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Mkasi


29 Machi

Kaka,

Maneno yako nimeyafikisha kama ulivyoyaandika.

Harusi sasa ni tarehe ishirini na saba ya mwezi wa sita. Si kwa ajili yako, usijipe ukubwa. Paa la ukumbi linavuja na fundi wao ni wa kesho-kesho. Kwa hiyo wewe tulia na mashine yako.

Karatasi ya pili nimeihifadhi kwenye daftari la vipimo, ukutani hapakuwa na nafasi. Kikombe cha maji kimenifurahisha. Kilikuwa na mkono au hakikuwa nao? Nauliza tu.

Na ukipata siku mbaya, kaka, niandikie hata hiyo. Mimi si mteja, huna haja ya kunionyesha upande wa juu wa kitambaa.

Bobini


6 Mei

Baba, shikamoo.

Shangazi hajui kama nakuandikia. Ana wasiwasi kwa sababu hujajibu barua mwezi mzima, mimi namwambia una mazoezi mengi.

Alikwambia paa la ukumbi linavuja. Paa halina kasoro. Ni mimi niliyesogeza harusi, ya Aprili nikaipeleka Mei, ya Mei nikaipeleka Juni, kwa sababu uliandika kwamba gauni utalikata na mimi nakuamini. Shangazi hakutaka ujue, anasema utaharakisha mkono uumie.

Sasa mwenzangu amehamishiwa kituo cha mbali. Anatakiwa kuripoti tarehe mosi Juni, na huko hakuna likizo mpaka mwaka uishe. Anataka tufunge ndoa Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu mwezi huu, kabla hajaondoka. Nimemkatalia na tumegombana vibaya. Ameniambia gauni si ndoa. Nimemwambia kwangu ni kitu kimoja, maana tangu mama afariki sijavaa nguo hata moja ambayo hukuikata wewe, na siwezi kuanza maisha mengine nimevaa mkono wa mtu baki.

Nataka neno moja tu kutoka kwako, baba. Utalikata au hutalikata? Ukisema utalikata nitasubiri, hata yeye akienda. Karatasi yako naiangalia kila asubuhi nikiwasha pasi.

Mwanao,
Kifungo


13 Mei

Bobini,

Leo sina utani. Nimepata barua ya Kifungo. Wewe uliniambia ni paa. Sikulaumu, maana uongo wangu ni mkubwa kuliko paa.

Mkono haujasogea. Tangu mwezi wa pili mpaka leo nikikuandikia, haujasogea. Siku ile nilipofumba macho, mashine ndiyo iliyofanya kazi yote, iliuvuta mkono wangu kama mkono wa shati unaponyooshwa chini ya pasi. Mimi niliamini kweli. Zile namba za pembeni nilidhani ni vipimo, si unajua sisi tukiona namba kando ya mchoro hatufikirii kitu kingine. Siku nne baadaye dada wa mazoezi akanieleza. Ya juu, mia kwa mia, ni kazi ya mashine. Ya chini ni kazi ya mgonjwa. Ya chini ilikuwa sifuri, Bobini, na mimi karatasi nilishaitia posta.

Nikasema nitaandika kurekebisha. Barua yako ikanifikia kwanza, ikisema mtoto ameibusu karatasi na anaimba. Labda mtu bora kuliko mimi angeandika hata hivyo. Mimi nikaomba karatasi ya pili. Na kikombe cha maji ni Dereva aliyekishika. Mkwe imemsaidia yule mzee, vidole vinafunguka, wiki iliyopita amejifunga vifungo vya shati mwenyewe. Mashine ile ile, dada yule yule, saa zile zile. Nilimwuliza dada kwa nini yeye na si mimi. Akasema sehemu ya kichwa iliyokufa kwangu siyo iliyokufa kwake. Mimi bega ndiyo kwanza linateremka, limetoka kwenye kiungo kwa nafasi ya vidole viwili, nimefungwa kamba ya kuning'inizia mkono, ngumu kama ya gunia, inanichuna shingo.

Jana na leo nimepiga simu dukani mara tatu. Mara ya tatu ulipokea. Nilitaka kusema neno moja tu, kata. Ulimi ukakunjamana, nikatoa mlio. Ukasema, "Nenda kalale baba, umelewa," ukakata simu. Ningeweza kumwomba dada wa mazoezi azungumze badala yangu. Sikumwomba, kwa sababu niliona haya. Nataka ulijue na hilo.

Sasa fanya haraka. Siku unapoisoma hii, mwambie Kifungo ukweli siku hiyo hiyo. Afunge ndoa tarehe ishirini na tatu. Hariri ikate wewe, au mpe huyo wa karibu na benki, au mtoto avae gunia, lakini asinisubiri. Nimejaribu kumwandikia mwenyewe tangu asubuhi na kila nikifika kwenye neno "hapana" nachana. Njia ya mwongo ni fupi, yangu imefika mwisho.

Kaka yako


24 Mei

Kaka,

Barua yako ilifika Jumatatu, tarehe kumi na nane. Nitakwambia nilichofanya, kisha unihukumu.

Kwanza, nilijua. Nilijua tangu karatasi ya kwanza. Mkono wako una kilema na hakuna aliyewahi kukwambia. Ukifika mwisho wa mkato huwa unavuta kushoto, upana wa nyuzi mbili, kila mara, iwe shati, iwe suruali, hata yale mapazia ya shule. Miaka kumi na tisa nakurekebisha kwenye mshono. Watu wanausifu mkato wako, mimi nanyamaza nakanyaga cherehani. Sasa mstari ule ulikuwa umenyooka mpaka mwisho. Kabla sijamaliza kuukunjua nilijua si wako. Nilidhani wewe mwenyewe unaamini, na kwamba imani hiyo ndiyo inayokuamsha kitandani, nikasema mimi ni nani wa kuichana. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa amemshikia mwenzake mwavuli, na anayelowa ni mtoto.

Pili, sikumwambia siku hiyo hiyo. Nilisema nitaikata hariri kwanza, nimpe ukweli na gauni kwa pamoja, maana ukweli mtupu nilishindwa kuubeba. Jumatatu niliitandika mezani. Jumanne nikaichora kwa chaki, nikafuta, nikachora. Jumatano nikautoa mkasi wako ukutani. Kidole gumba changu kinacheza ndani ya lile tundu, limeshakuwa na umbo lako. Nikaufungua, nikauweka kwenye ukingo wa kitambaa, nikasimama hivyo mpaka miguu ikaniuma. Sikuweza, kaka. Nimeshona nguo zisizo na hesabu na sikuweza kukata sentimita moja.

Alhamisi asubuhi mpimaji aliingia dukani na begi. Alikuwa ameamua kuondoka mapema. Hakupiga kelele, yule kijana hajui kupiga kelele. Aliiona hariri mezani imejaa chaki. Akasema, "Shangazi, kazi yangu mimi ni mipaka. Mpaka ukishasogezwa mara mbili, watu hawauamini tena hata jiwe likirudi mahali pake." Nikamwambia ngoja, kuna barua. Nikamsomea yako yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja mkanda wa begi, akasema, "Kwa hiyo alikuwa anausubiri mkono ambao haupo, na mimi niko mbele yake na yangu miwili." Akaniaga kwa heshima zote akaenda zake.

Jioni nilimwambia Kifungo. Hakulia. Aliibandua karatasi ukutani akaiinua dirishani, kama tunavyokagua kitambaa kilichotobolewa na nondo. Akaniuliza, "Ulijua tangu lini?" Sikuweza kumdanganya tena. Tangu siku hiyo hanisemeshi. Anakuja, anapiga pasi, anaondoka. Amempigia yule kijana mara nyingi. Amejibiwa mara moja, neno moja, "Umechagua."

Jana ilikuwa tarehe ishirini na tatu. Alikaa dukani tangu asubuhi mpaka tunafunga, akapiga pasi nguo ambazo zilishapigwa pasi.

Ile simu nilidhani ni mlevi. Sauti ya kaka yangu wa tumbo moja, na nikamwambia akalale. Hilo sijui nitaliweka wapi.

Bobini


5 Juni

Bobini,

Sina ubavu wa kukuhukumu. Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila mara nafika pale kwenye mapazia ya shule. Kumbe nilikuwa napinda miaka yote hiyo na nikajiita Mkasi. Ungeniambia ningekufukuza, kwa hiyo ulifanya vizuri.

Leo kilikuwa kipimo cha mwisho. Wanazima nguvu zote za Mkwe, inabaki kukubeba uzito tu, wanakwambia chora mstari mbele yako. Dakika ishirini. Jasho lilinitoka mpaka kwenye mkanda wa suruali. Dada wa mazoezi alikuwa ameshika karatasi yake, na Dereva, ambaye anatoka kesho, alisimama mlangoni na viatu alivyojifunga mwenyewe.

Karatasi hiyo hapo. Ukiitazama kwenye mwanga utaiona alama, sentimita moja na nusu. Dada anasema kwa haki ni bega lililotikisika, si mkono. Namba ya chini safari hii wameandika moja. Nikamwuliza moja inaweza kukata nini, akasema tutafute kazi ambayo mkono wa kushoto unaweza kuizoea. Mkasi wangu ni wa mkono wa kulia, nilishaujaribu na wa hapa kwa kushoto, unatafuna kitambaa kama mbuzi.

Mpe Kifungo karatasi hii. Asiibandike popote. Mwambie hii ndiyo ya kweli, na kwamba aliomba neno moja nami nimechelewa nalo. Neno lenyewe ni hapana.

Kaka yako


13 Juni

Kifungo, mwanangu,

Kifurushi kimefika leo. Ndani hakuna barua na sikutegemea barua.

Nilikifungua kitandani kwa kushoto na meno. Nilipoigusa tu nikajua ni ile hariri. Nimekaa nayo mapajani muda mrefu kabla ya kuelewa ni nguo gani, maana sikuwahi kuikata nguo kama hiyo. Mkanda mpana, mfuko wa kiwiko, na kitanzi cha shingo kilichotiwa pamba. Ni ya kuningʼinizia mkono wangu.

Mshono ni wa shangazi yako, hatua zake ndogo nazijua hata kwa vidole. Kwa hiyo mmeanza kusemezana, na hilo nalishukuru. Lakini hakukata yeye. Ukingo wa juu umekwenda vizuri sana, halafu unapoishia begani umevuta kushoto, nyuzi mbili. Shangazi anajua kurekebisha kosa hilo kuliko mtu yeyote duniani, na safari hii ameliacha. Nadhani ulimwambia aliache.

Ni kosa langu hilo, Kifungo. Nililitia mkononi mwako ukiwa na miaka saba, tulipokuwa tukikata magazeti. Nilikushika vizuri kupita kiasi.

Sijui uliikata kwa hasira au kwa huruma. Nimeupekua mkato wote, mwanzo mpaka mwisho, nikitafuta mahali mkasi uliposita, sikuona. Mita zilizobaki sitakuuliza umezifanyia nini. Wala sitakuambia kwamba yule kijana atarudi, kwa sababu mpima ardhi aliyeng'oa kigingi chake harudi kukitafuta, na wewe umeshachoka na watu wanaokuahidi. Nilitaka kukukatia gauni la kutoka nyumbani kwangu. Badala yake umenikatia mimi nguo ya kurudi.

Nimeivaa. Haichuni shingo. Dada wa mazoezi aliuliza nani fundi, nikasema ni binti yangu, akaniomba nirudie mara tatu ndipo akaelewa.

Mkono hautarudi. Nakuandikia mwenyewe ili usilisikie kwa mtu mwingine tena. Jumamosi ijayo wananitoa, na basi linaingia saa tisa alasiri. Ngazi nitazishuka mwenyewe, na kutoka stendi mpaka dukani nitatembea mwenyewe, hata nikifika mmeshafunga. Usinisubiri.

Baba yako